Slaidi Nyepesi

"Slaidi zako nzito, dada," karani wa baraza alimwambia Mwanahawa. "Simu ya mwenyekiti haizifungui. Zipunguze ukubwa kabla ya saa sita, la sivyo shauri linafutwa."

Zilikuwa picha za wachimbaji thelathini na mmoja waliofukiwa na kifusi. Kampuni ya mgodi ilidai shimo lilikuwa tupu.

Mwanahawa akazipunguza papo hapo, kwenye benchi la wageni. Kwanza yalipotea makovu, kisha macho. Mumewe, Sefu, akabaki doa la kijivu. Akatuma.

Barazani, mwenyekiti akazipitisha kwenye simu yake kwa kidole gumba, chapuchapu.

"Sasa zinafunguka vizuri," akasema, kisha akamgeukia karani. "Ila sura hazionekani. Andika hakuna marehemu aliyetambulika."

"Huyo ni Sefu," Mwanahawa alisema, akiligusa lile doa kwenye simu ya mwenyekiti.

Kioo kikazimika. Alama ya kidole cha Mwanahawa ikabaki juu yake.