Safu ya Mwisho ya Choroko

Programu mpya ya ghala ilimuuliza Tunu swali moja: gunia lipi litoke kwanza, lililoingia mwanzo au lililoingia mwisho? Harufu ya kuoza ilishaanza kumfukuzia wateja. Akabonyeza "mwanzo".

"Dada Tunu, utatuua!" alilalamika Kombo, mkuu wa makuli. "Siku zote tunachukua ya mlangoni. Ya kule nyuma nani ayafuate?"

"Sisi. Leo hii!"

Akajifunga kanga kiunoni, akatangulia. Walihamisha choroko safu baada ya safu, vumbi likiwapalia, mpaka Kombo mwenyewe akaanzisha wimbo na makuli wakaitikia. Kwenye safu ya mwisho wimbo ukakatika.

Magunia yalikuwa yameota. Mvua ilikuwa imepenya kwa chini, na miche myembamba ilichomoza kwenye katani, yote imeinamia ukutani, kwenye uzi wa mwanga.

Haukuwa ukuta. Ulikuwa mlango, ambao hata Kombo alishausahau.

"Mzigo uingilie huku, utokee kule!" alipiga kelele. "Tulikuwa wapi siku zote?"

Tunu alikuwa keshashika komeo kwa mikono miwili. Likalia, likasogea, na ule uzi wa mwanga ukaanza kunenepa.