Mlango Kichwani

Fundi alikuwa anang'oa bawaba ya mwisho ya mlango wa nyumba niliyopanga, wakati mwenye nyumba mpya aliponisalimia.

"Shikamoo, mama Jenoveva."

Sikuitikia. Ukungu wa Julai unaingia mpaka kitandani kwa wanangu, na yeye, kijana ninayeweza kumzaa, ananipa shikamoo!

"Nilikuomba utoke, ukakataa," akasema. "Nyumba nimeshainunua."

"Umeinunua nikiwa ndani. Mkataba wangu ni mpaka Desemba."

"Basi kaa bila mlango."

Hapa kwetu hata mgombane vipi, shikamoo unaiitikia kwanza. Fundi mwenyewe alisimama na bisibisi mkononi, ananisubiri.

Nikaushika ule mlango, umeshang'oka. Upande wa ndani ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka yote niliyowapikia wanangu pale, na bado ulikuwa na joto la jiko la asubuhi. Nikakunja kanga nikaifanya ngata, kama ninayekwenda kuchukua kuni, nikajitwika.

"We mama! Unaupeleka wapi mlango wangu?"

"Ofisi ya kata. Nifuate. Marahaba yako utaipata huko huko, mbele ya watu."