Funda la Kwanza

Video ilikuwa fupi na haikuwa na sauti, lakini Verdiane aliiona kazi yake ikiondokea humo. Alijiona akimimina mvinyo mwekundu, akinywa funda moja, kisha akimpa Papa Abílio, mzee anayemtunza, mvinyo uliobaki.

"Hii ni ya Jumanne ya wiki iliyopita," alisema Duarte, mtoto wa mzee, akibonyeza tena simu yake. "Hii ya Jumatano. Kila siku anamwibia baba yangu."

Maxwell, meneja wa ile nyumba ya wazee pale Blacktown, alijikuna kidevu. Chupa yenyewe ilikuwa mezani mbele yake, imepungua glasi mbili, imetolewa kabatini ilikofungiwa tangu Jumatatu kama kielelezo.

"Wizi ni wizi," alisema, "hata wa funda."

Yaliyobaki Verdiane aliyajua. Ripoti ikishaandikwa, hakuna nyumba ya wazee Sydney nzima itakayompa hata ndoo ya kupigia deki. Miaka kumi na moja ya kuwaogesha baba za watu, leo izame kwenye glasi!

Omollo, nesi Mkenya aliyekuja kumsindikiza, akamnong'oneza: "Dada, usibishane. Sema tu sorry, labda atakupea warning."

Hakuweza. Angeomba radhi kwa kosa, na hili hakuliona kuwa kosa.

"Nilionja, ni kweli," alisema. "Kwetu Burundi chupa inafunguliwa mbele ya mtu anayekunywa. Ya Papa inakuja imeshafunguliwa. Basi anayemimina anakunywa kwanza, ili mwenzake apokee bila wasiwasi. Bibi yangu alinifundisha hivyo kwenye kambi ya wakimbizi, hata kwa maji."

"Mvinyo mwekundu lazima upate hewa," Duarte alisema. "Ndiyo maana naufungua nyumbani. Kila Jumapili namletea baba mvinyo wa Dão, wa milima alikozaliwa, halafu huyu anifundishe kufungua chupa?"

Papa Abílio alikuwa karibu na dirisha, kwenye kiti chake cha magurudumu. Hakuna aliyemwita, alijileta mwenyewe, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Tangu Pasaka alikuwa akilala kuanzia chakula cha mchana mpaka jioni, akiamka anachanganya majina. Kesho yake, Ijumaa, daktari angekuja kuamua kama bado ana akili za kutia sahihi karatasi za mali yake, au sahihi ziwe za mwanawe. Leo macho yake yalikuwa makali. Verdiane alidhani ni hasira za kunyimwa mvinyo siku tatu.

"Unaupenda?" mzee aliuliza ghafla.

Wote waligeuka.

"Nini, Papa?"

"Mvinyo wangu. Mimi ulimi wangu ulikufa siku ile ya kiharusi. Nakunywa kumbukumbu tu. Wewe unaupenda?"

Verdiane aliona haya, lakini mdomo ukamponza tena. "Zamani hapana. Ulikuwa unakausha ulimi kama ndizi mbichi. Siku hizi, tangu Pasaka, afadhali, una utamu kidogo. Lakini mimi si mnywaji, Papa. Funda moja tu linanilaza. Wiki iliyopita usingizi ulinipitisha kituo changu cha Doonside kwenye treni, nikazindukia mbali, Penrith."

Omollo alifumba macho. Duarte alipiga meza.

"Mmesikia? Analewa kazini! Andika hilo, Maxwell, tumalize."

Maxwell akachukua kalamu. Verdiane aliitazama ncha yake ikishuka kwenye karatasi. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini yeye tusi alikuwa amelileta mwenyewe mpaka mkononi mwa mwenye kutukana.

"Utamu," alisema Papa Abílio.

Alisukuma magurudumu mpaka mezani, akakisimamisha kiti kando ya mwanawe.

"Dão ni mawe na misonobari. Zabibu zinaota juu ya mawe, na mvinyo wake ni mkavu kama hayo mawe. Baba yangu alizikanyaga kwa miguu yake, na mimi nikazikanyaga. Nimeunywa tangu sijaota ndevu. Haujawahi kuwa na utamu."

"Baba, umechoka. Turudi chumbani," Duarte alisema.

"Sijachoka. Siku tatu hizi sijachoka kabisa."

Aling'oa kizibo, akamimina kwenye glasi tupu ya maji iliyokuwa mbele ya Maxwell. Hakumwaga hata tone. Akaisogeza glasi polepole mpaka ikagusa vidole vya mwanawe.

"Tuimalize kesi kwa desturi ya huyu dada. Wewe ndiye uliyeileta chupa. Onja kwanza, mwanangu, halafu nitakunywa mimi."

"Ninaendesha gari, Baba."

"Lowesha midomo tu."

Duarte aliitazama glasi, akautazama mlango, kisha akaondoa vidole vyake na kuviweka mapajani.

Maxwell akaiweka kalamu chini, akanyoosha mkono, akaivuta ile chupa taratibu upande wake, mbali na Duarte.