Jina Kwenye Mstari wa Kwanza

Stima ilipotea zikiwa zimebaki faili arobaini kumaliza sehemu moja.

Maryam alikaa mbele ya kioo cheusi, mikono mapajani, akisikiliza feni ya kompyuta ikizunguka mara za mwisho mwisho na kunyamaza. Ilikuwa Jumanne, mwaka elfu mbili, mwaka wa mgao wa umeme, na mtaa wao wa Machakos ulipewa stima ya kuonjeshwa tu.

"Imezima tena?" Mishi, mama yake, aliuliza kutoka jikoni.

"Imezima. Sehemu hii yote nairudia."

"Na siku yenyewe ni lini?"

"Ijumaa, Mama. Nilikwambia ni Ijumaa."

Barua pepe ilikuwa imefika wiki iliyopita, kwa Kizungu, ikimtaja Ayub. Ayub, kaka yake Maryam, ndiye aliyeandika kipande cha programu kinachoziwezesha printa kuukuu, zile za ofisini zenye kelele za cherehani, kutumika katika mfumo mmoja wa kompyuta wa bure. Mfumo huo huandikwa na watu wa kujitolea dunia nzima, na kila mmoja ana folda yake ya kutunza. Ya Ayub ni moja tu kati ya maelfu. Lakini ukiifungua, mstari wa kwanza unasema: Mtunzaji, Ayub Rashid, Machakos, Kenya.

Sasa wakubwa wa mfumo walikuwa wanazipanga upya folda zote. Kila mtunzaji aujenge mfumo mzima, yaani kompyuta yake isome faili moja moja na kuzigeuza kuwa programu, kisha atume ripoti. Asiyejibu hadi Ijumaa, folda yake inafutwa, na jina lake linakwenda nayo.

Na wa kujibu ni nani? Maryam. Miaka miwili sasa ni yeye anayejibu barua za kaka yake, kwa jina la kaka yake, akifuata daftari aliloliacha kitandani. Wala kompyuta hakusomea. Alisomea ushonaji.

Jumatano stima ilikaa kutwa, kwa ajabu. Mfumo ulijijenga vizuri mpaka kwenye folda ya Ayub, ukagoma hapo hapo. Katika kule kupanga upya, faili moja ilikuwa imehamishwa, na ya Ayub ilikuwa bado inaitafuta mahali pa zamani. Maryam alipekua daftari hadi macho yakamwuma, kisha akabadilisha mstari mmoja. Kabla hajajua kama umekubali, stima ikaenda.

Alhamisi haikuja kabisa.

"Basi, Mama," alisema jioni. "Tumeshindwa. Imebaki kazi ya saa saba, na stima hatuna hata ya saa moja."

Mishi alikuwa akikanda unga wa mahamri. Mama huyu, niseme ukweli, hata kuwasha kompyuta hajui, na hakuwahi kumwuliza bintiye lini Ayub atarudi. Mashati ya Ayub aliyagawa msikitini zamani. Ila ule mstari wa kwanza aliukariri wote, hadi mkato.

"Kuna Mbithi na jenereta yake," alisema, wala hakuacha kukanda.

Mbithi alikuwa ametoka Mwala mwaka uliopita, akafungua saiba, duka la mtandao, karibu na soko. Ijumaa asubuhi alishangaa kuona mama na binti wanasukuma mkokoteni, na juu yake kompyuta imefungwa kwa leso mbili.

"Haki mmefunga hii kitu kama mgonjwa," alisema, akiwasaidia kuishusha. Alipoelezwa shida ya kaka asiyekuwepo akakubali, maana roho yake nzuri, ila mdomo hauna breki. "Lakini huyu Ayub si ajenge mwenyewe huko aliko? Majuu huko kwa Wazungu wako na stima ya kumwaga."

"Huko aliko hakuna stima," Maryam alijibu bila kugeuka.

Mbithi alicheka. "Ati majuu hakuna stima. Basi huyo ni mvivu. Wakipanda ndege wanasahau nyumbani. Hata mimi niko na binamu wa hiyo namna."

Mishi alimtazama. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Jenereta ilinguruma. Maandishi yakaanza kupanda kiooni. Adhana ya Ijumaa ikasikika, watu wakaenda kuswali, wakarudi. Saa tisa na nusu folda ya Ayub ikapita bila kosa, na hakuna aliyeshangilia, kwa sababu nyuma yake zilibaki nyingine mia mbili. Maryam alizihesabu moja moja. Saa kumi na moja kasorobo ya mwisho ikaisha.

Akaandika ripoti kwenye kompyuta ya Mbithi yenye mtandao, akaweka chini jina la Ayub, akatuma. Mbithi alitoka nje kuongeza petroli.

Jibu lilifika kabla hajarudi. Maryam alimsomea mama yake kwa Kiswahili, polepole: "Ahsante, Ayub. Folda yako inabaki, tutaikagua tena baada ya miezi mitatu. Lakini miaka miwili sasa hujatuandikia neno lisilo la kazi. Rafiki yetu, kweli u mzima?"

Vidole vya Maryam vikakaa juu ya herufi, havikubonyeza.

"Nimechoka, Mama," alisema. "Miezi mitatu si mingi. Niwajibu nini?"

Mishi aliichukua leso iliyofungiwa kompyuta, akaikunja mara mbili, akaiweka mapajani.

"Waambie yu mzima," alisema. "Mimi nimeshamzika mara moja. Sitamzika tena."