Mstari Chini ya Kitanda

Sheria ilikuwa moja: anayechora mtambo, yeye na wanawe watalala juu yake. Ndiyo maana Bhoke, katika mchoro wake, alilipitisha handaki chini ya nyumba yake mwenyewe, handaki ambamo viini vya atomu vingekimbizwa na kugonganishwa mpaka vionyeshe vimeshikamana vipi. Wakaguzi walikuwa wameshapiga mstari mwekundu kwenye sakafu ya chumba cha mtoto, kuonyesha handaki litakapopita. Kesho wangerudi kutia mchoro muhuri.

Mumewe, Marwa, alisimama mlangoni na bakuli la uji.

"Mama Ghati, si ulisema hakuna hatari?"

"Hakuna. Hesabu nimepiga mwenyewe."

"Basi nani amesogeza kitanda cha mtoto ukutani, mbali na mstari?"

Bhoke alikumbuka alivyokivuta jana, eti afagie. Alikishika kwa mikono miwili, akakiburuta taratibu mpaka mstari ukapita katikati yake, Ghati akiwa amelala fofofo.

"Na sasa?" aliuliza Marwa.

"Sasa waje na muhuri wao."

Akatandika mkeka palepale juu ya mstari, akajilaza. Mkono wake mmoja haukuachia mguu wa kitanda.