Zimwi la Kimo Chao

Shebe ndiye aliyeongoza mchezo wao wa mezani wa mashujaa, na kazi yake ilikuwa kuwachagulia zimwi. Mkononi alishika jitu chongo la udongo, adui wa kadiri kwa mashujaa wachanga. Zamda, mmoja wa wachezaji, akalisukuma kando.

"Tunataka joka la mto."

"Litawameza, dada. Nyinyi bado vifaranga."

"Na mdogo wangu Mbaruku alipozama mtoni, nani alimchagulia zimwi la kimo chake?"

Shebe akaliweka joka juu ya mto waliouchora kwa chaki mezani. Zamda akamsogeza shujaa wake ukingoni, akamsogeza na wa Mbaruku, kisha akairusha dadu ya marehemu. Ikazunguka, ikazunguka, na wote wakabana pumzi kama walio chini ya maji.