Tumbo la Kinanda

Mama mkwe alipotoka jikoni kajivika sufuria kichwani, Kinanda alishika tumbo akaenda chooni haraka haraka.

Alijifungia, akapenyeza mkono nyuma ya tangi la maji, akatoa daftari na kipande cha penseli. Kalamu yake nzuri ilipotea wiki ile ile aliyofika mama mkwe. Akaandika: "Sufuria. Kasema dari linamtazama vibaya." Kisha akavuta maji, ili kelele zimtolee ushahidi.

Tumbo lenyewe, jamani, lilikuwa zima kabisa.

Kwa miaka kumi nyimbo zake za mapenzi ziliimbwa na kila mwenye koo, hata wale ambao wangetusaidia kwa kunyamaza. Ndipo watu wa televisheni wakamwomba awaandikie vichekesho. Mapenzi aliyaweza, kicheko kikamgomea. Mwongozaji alisoma kurasa zake za kwanza kwa uso wa mtu anayemeza dawa ya minyoo.

Mwezi huo huo mama mkwe akaja kuwatembelea kwa siku tatu. Huu ni mwaka wa pili. Asubuhi ya kwanza tu aliviamkia viatu vya mkwewe pale mlangoni, kimoja kimoja, kwa heshima zote. Kinanda akaliiba hilo, akamzua Bibi Kiroboto wa kwenye kioo cha televisheni, na nchi nzima ikashika mbavu.

Kinanda alishukuru kwamba mama mkwe hana habari. Kipindi kikianza, yeye huyo chumbani. "Kile kioo kinaniumiza macho," alisema.

"Siku mama akijua unamwanika mbele za watu," mkewe alimwonya, "anaondoka. Na mkoba nambebea mimi, na sirudi."

Siku hiyo ya sufuria, mwongozaji alipiga simu saa nne.

"Kinanda, mwisho wa kipindi uko wapi?"

"Unakuja."

"Unakuja tangu Jumatatu! Nisipoupata leo saa kumi, wanakufuta. Wiki ijayo wanaweka kipindi cha kufuga nyuki."

Sufuria peke yake haikutosha kuwa mwisho. Kinanda akakaa sebuleni, akimvizia mama mkwe kama paka kwenye shimo la panya. Mama mkwe akashona kifungo. Akashona cha pili. Akapiga miayo kama mtu yeyote mwenye akili timamu.

Saa saba aliinua macho. "Baba, tumbo leo limekusumbua mara moja tu?"

"Mara moja, mama. Nashukuru."

"Mara moja!" Mama mkwe aliguna kama aliyeletewa habari ya msiba. Akaweka sindano kikapuni, akaingia jikoni.

Haukupita muda, maji yakasikika. Kinanda akachungulia. Mama mkwe alikuwa ameitumbukiza saa ya ukutani kwenye beseni la povu, anaisugua kwa brashi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Kila siku inachelewa. Ni uchafu huo, baba. Ona dakika zilivyoota kutu. Hebu shika huo mshale nisugue kwapani."

Mkewe, aliyekuwa akimenya viazi, aligeukia ukuta. Mabega yalimtikisika. Maskini, Kinanda aliwaza, analia kwa aibu.

Lakini hakukaa kumbembeleza. Alitimua mbio kwenda chooni hivi kwamba ndala moja ilibaki jikoni.

Saa tisa na nusu mwongozaji aliusoma mwisho huo kwenye simu. Alicheka hadi chai ikamtoka puani. "Nyuki watasubiri," alisema, akikohoa. "Tena nataka vipindi kumi vingine!"

Kinanda akashusha pumzi. Mama mkwe alikuwa uani anaianika saa, mkewe akiwa naye. Kifungo cha shati kilikuwa kimemkatika kwa zile mbio, akainamia kikapu cha ushonaji kutafuta uzi. Chini ya vitambaa akaiona kalamu yake nzuri, imebanwa kwenye kijidaftari kilichochakaa.

Akakifungua ukurasa wa mwisho. Wino ulikuwa haujakauka sawasawa.

"Kugombana na friji: hakwenda chooni. Nisirudie.

Sufuria: kaenda mara moja, tena kwa kutembea haraka tu.

Kuosha saa: mbio, kaacha ndala. Hiki ndicho.

Kesho: kuingia kabatini na mwavuli. Binti nimwambie akaze uso, leo nusura aniharibie."